Ex tunc, au sheria iliyomkuta mtu tayari yuko mahabusu

Kimya kilikuwa kirefu, nilibanwa na madesa ya saikolojia ya elimu na testi mbili ndani ya wiki moja, nadhani mnanielewa. Leo naleta historia. Si ile ya Mkutano wa Berlin wa 1884 tuliyoikariri wote tangu sekondari, ingawa mji ni uleule.

Yote yameanza na neno la Kilatini: ex tunc. Jamaa zetu wa kitivo cha sheria wanalo kwenye madesa yao na wanalitamka utadhani wamezaliwa nalo. Ex ni "tangu", tunc ni "wakati ule". Tangu wakati ule. Pacha wake ni ex nunc, maana yake "tangu sasa". Herufi moja tu ndiyo inayowatenganisha hawa pacha, lakini kwa herufi hiyo mtu anaweza kupoteza kichwa, na hapa siongei kwa mafumbo.

Kwanza tuelewane. Ukidisko, chuo kinakuondoa ex nunc. Yaani kuanzia leo wewe si mwanachuo, ila ile miaka miwili ilikuwepo, ulikuwa na kitambulisho halali, ulikula bumu halali na ulifeli kihalali kabisa. Lakini ikigundulika kwamba uliingia kwa cheti cha kidato cha sita cha kununua, hapo mambo yanakuwa ex tunc. Hukuwahi kuwa mwanachuo hata siku moja. Hata ile A yako ya muhula wa kwanza haikuwahi kuwa A. Na ndoa ndiyo hivyohivyo: talaka inaivunja kuanzia siku ya talaka, lakini mahakama ikisema ndoa ni batili tangu mwanzo, ile harusi mliyochangia wote inabaki kuwa pilau tu.

Kwenye mikataba na ndoa hakuna mtu anayekufa kwa hilo. Balaa linaanza pale serikali inapokishika hiki chombo na kukipeleka kwenye makosa ya jinai, ikasema: sheria hii tumeitunga leo, lakini ihesabike kwamba ilikuwepo tangu wakati ule. Kisa ninachokijua kinachoonyesha hili vizuri kuliko vyote ni cha fundi mwashi mmoja wa Kiholanzi aliyeitwa Marinus van der Lubbe. Alihukumiwa kifo kwa sheria iliyotungwa siku 30 baada ya kitendo chake, halafu hukumu yenyewe ikaja kufutwa miaka 74 baada ya kuuawa. Sheria ilirudi nyuma mara mbili kwa mtu mmoja. Mara ya kwanza mbio, mara ya pili kwa mwendo wa kobe.

Tuanze na moto. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933, saa tatu na kitu, jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin, Reichstag, liliwaka. Hitler alikuwa na wiki nne tu kwenye kiti cha Kansela, aliteuliwa tarehe 30 Januari, na uchaguzi ulikuwa unakuja tarehe 5 Machi. Polisi wakaingia, wakamkuta kijana wa miaka 24, kifua wazi, anatweta. Nguo zake nyingine alikuwa amezitumia kuwashia moto.

Huyo kijana alizaliwa Leiden, Uholanzi, tarehe 13 Januari 1909. Alikuwa fundi wa ujenzi, ila chokaa ilimwingia machoni kazini, akawa haoni vizuri, akaachishwa kazi na kuishi kwa pensheni ndogo ya ulemavu. Aliwahi kuwa kwenye umoja wa vijana wa Kikomunisti, akagombana nao, akatoka. Kwenda Berlin alikwenda sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Siku mbili kabla ya Bunge alikuwa amejaribu kuchoma majengo mengine ya umma pale mjini na mioto ikazimwa. Polisi aliwaambia kwamba alitaka wafanyakazi wa Ujerumani waamke. Kama alifanya peke yake au kulikuwa na watu nyuma yake, wanahistoria wanagombana mpaka leo. Fritz Tobias aliandika kuanzia 1959 kwamba alikuwa peke yake, Benjamin Hett mwaka 2014 akaandika kwamba hapana, haiwezekani. Mimi ugomvi huo nauacha pembeni, maana kwa hoja ya leo haujalishi. Tuseme alichoma, peke yake, kwa kiberiti chake mwenyewe. Bado kuna swali: adhabu yake ni ipi?

Kwa sheria iliyokuwepo usiku ule, adhabu ya juu kabisa ya kuchoma jengo ilikuwa kifungo cha maisha. Hata ukimwongezea shitaka la uhaini, bado ni maisha. Kifo hakikuwemo.

Asubuhi ya tarehe 28 Februari baraza la mawaziri likakaa, na siku hiyohiyo Rais mzee Hindenburg akasaini amri ya dharura. Amri hii vitabu vinaitaja kwa sababu ndiyo iliyosimamisha uhuru wa maoni, magazeti, mikutano, siri ya barua, na ikaruhusu watu kuwekwa ndani bila kesi. Ila kuna kifungu cha 5 ambacho wengi tunakiruka. Kifungu hicho kilisema makosa kadhaa yaliyokuwa na kifungo cha maisha, uchomaji na uhaini yakiwemo, sasa adhabu yake ni kifo. Amri ilianza kutumika siku ilipotangazwa. Piga hesabu hapo. Moto tarehe 27, amri tarehe 28. Van der Lubbe alishakuwa mikononi mwa polisi tangu jana yake. Amri ilimkosa kwa saa chache tu.

Hitler hakukubali. Alitaka mtu yule anyongwe, tena hadharani. Na hapa kuna kitu kinachonishangaza kila nikikifikiria: waliomkwamisha, kwa wiki chache, walikuwa maofisa wa wizara ya sheria wa serikali yake mwenyewe. Katibu wa wizara hiyo, Franz Schlegelberger, aliwaambia mawaziri mwezi Machi kwamba kanuni ya kutomwadhibu mtu kwa adhabu ambayo haikuwepo alipotenda ni kanuni kubwa, haichezewi. Huyo jina lake likumbukeni, atarudi.

Kilichowapa njia ni Bunge lenyewe. Tarehe 23 Machi wabunge walikutana kwenye jumba la opera la Kroll, maana jengo lao limeungua, wakapitisha sheria iliyompa Hitler na mawaziri wake uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Wabunge wa Kikomunisti hawakuwepo, walikuwa ndani au mafichoni. Waliopiga kura ya hapana walikuwa wa chama cha SPD peke yao, kura 94. Sheria ikaanza tarehe 24. Siku tano baadaye, tarehe 29 Machi 1933, ikatoka sheria fupi kabisa kuhusu utoaji wa adhabu ya kifo. Ilisema kifungu cha 5 cha ile amri kitumike pia kwa makosa yaliyotendwa kati ya tarehe 31 Januari na 28 Februari 1933. Na ikaongeza kwamba kifo kinaweza kuwa cha kamba.

Angalieni hizo tarehe. 31 Januari ni siku moja baada ya Hitler kuteuliwa. Sheria ilirudi nyuma mpaka mlangoni pa utawala wake ikasimama hapo. Na ingawa imeandikwa kwa maneno ya watu wote, kila mtu alijua inamtafuta nani. Wajerumani wenyewe waliipa jina: Lex van der Lubbe. Fikiria, mtu uko mahabusu na minyororo, halafu sheria inatungwa kwa ajili yako na kuingizwa kwa mlango wa nyuma wa kalenda.

Kesi ilifunguliwa Leipzig tarehe 21 Septemba 1933 kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi. Washitakiwa walikuwa watano: van der Lubbe, mbunge wa Kikomunisti Ernst Torgler, na Wabulgaria watatu, Dimitrov, Popov na Tanev. Dimitrov ndiye aliyeiteka dunia. Alijitetea mwenyewe kwa Kijerumani cha kujifunza, tarehe 4 Novemba akambana Göring kwa maswali mpaka Göring akapandwa na hasira mbele ya waandishi wa habari wa mataifa. (Huyu Dimitrov baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Bulgaria.) Van der Lubbe alikuwa kinyume chake kabisa. Alikaa kichwa kimeinama siku nyingi, makamasi yanamtoka, anajibu "ndiyo" au "hapana" au hajibu kabisa. Watu wakasema amelishwa dawa. Wengine wakasema amekata tamaa tu.

Hukumu ikatoka tarehe 23 Desemba. Wale wanne wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Kumbe kwenye swali la nani kafanya nini, wale majaji bado walikuwa na uti wa mgongo kidogo. Hitler alichukia, na Aprili 1934 akaunda mahakama mpya ya kesi za uhaini ili upuuzi kama huo usirudiwe. Lakini kwa van der Lubbe majaji walilazimika kujibu swali la sheria iliyorudi nyuma, na jibu lao ndilo lililonifanya nikae niandike haya yote.

Walisema hivi, kwa maneno yangu: Katiba ya Ujerumani inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa alipokitenda. Sawa. Lakini kuchoma jengo kulikuwa kosa tangu zamani. Sheria ya Machi haikutunga kosa jipya, imepandisha adhabu tu. Kwa hiyo Katiba haijaguswa.

Imepandisha adhabu *tu*. Kutoka kifungo hadi kichwa. Ukweli ni kwamba sheria ya kawaida ya jinai ilikataza hata hilo la adhabu, lakini sheria ya kawaida inaweza kubadilishwa na sheria nyingine, na serikali ilikuwa imeshajipa uwezo wa kutunga. Walikuwepo na maprofesa waliotoa maoni kwamba inawezekana. Hapakuwa na mtu aliyevunja sheria kwa kelele. Walitafuta tundu kati ya maneno mawili, "kosa" na "adhabu", wakamsukuma kijana wa watu apite hapo.

Van der Lubbe alikatwa kichwa kwa gilotini mjini Leipzig tarehe 10 Januari 1934. Siku tatu zaidi angetimiza miaka 25. Ombi la serikali ya Uholanzi la kumnusuru lilikataliwa. Kamba hawakuitumia.

Hapa nataka nitoke nje ya mada kidogo, maana najua kuna watu mnasoma haya huku mnasema "ya Wajerumani hayo". Mwaka 2016 Bunge letu lilibadilisha sheria ya mikopo ya elimu ya juu, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara. Wapo waliosaini mikataba zamani wakijua ni asilimia 8, wengi wao walimu, na makato mapya yakawakuta kazini. Walipiga kelele sana, na ukisikiliza hoja zao ilikuwa ni ex tunc na ex nunc tupu, hata kama hakuna aliyetamka Kilatini: tulisaini wakati ule, mbona mnatuhesabia kwa kipimo cha sasa? Serikali nayo hoja yake ilikuwepo, deni lilikuwa kosa... samahani, deni lilikuwa *deni* tangu zamani, kilichobadilika ni kasi ya kulilipa. Sifananishi makato na gilotini jamani. Nasema tu muundo wa hoja, "hakuna jipya, tumepandisha tu", unasafiri mbali, na sisi tunaokwenda kushika chaki tungefaa tuutambue tukiusikia.

Turudi. Baada ya kujua kwamba kalenda inaweza kurudishwa nyuma, Wanazi waliizoea. Tarehe 30 Juni hadi 2 Julai 1934 Hitler aliua makumi ya watu bila kesi yoyote: Ernst Röhm aliyekuwa rafiki yake na mkuu wa wanamgambo wake, jenerali Kurt von Schleicher aliyekuwa Kansela kabla yake pamoja na mkewe, na wengine wengi. Tarehe 3 Julai ikatoka sheria ya sentensi moja. Ilisema hatua zilizochukuliwa tarehe 30 Juni na tarehe 1 na 2 Julai zilikuwa halali, dola ilikuwa inajihami. Basi, imekwisha. Mauaji ya Jumamosi yakawa halali Jumanne. Ile ya Machi 1933 ilirudi nyuma kumtafuta mtu imuue. Hii ilirudi nyuma kuwatafuta wauaji iwaoshe. Kwangu hii ya pili inatisha zaidi, maana ya kwanza angalau ilihitaji mahakama. Mwaka 1935 wakaifuta kabisa kinga iliyokuwemo kwenye sheria ya jinai, jaji akaruhusiwa kuadhibu hata kitendo kisichotajwa na sheria ili mradi kinaudhi "hisia safi za wananchi". Mwaka 1938 wakatoa sheria ya kifo kwa waporaji wanaotega magari barabarani, ikahesabiwa tangu Januari 1936. Miaka miwili na nusu nyuma! Tena kwa ajili ya ndugu wawili waliokuwa wameshakamatwa.

Vita ikaisha, na washindi wakaingia kwenye tundu hilohilo kwa upande mwingine. Nuremberg, mawakili wa Wanazi walisimama wakasema: mnatushitaki kwa makosa ambayo hayakuwa makosa tulipotenda, hii ni sheria ya kurudi nyuma. Inaudhi kusikia hoja hiyo kwenye midomo ile, lakini huwezi kuitupa hivihivi, maana ndiyo hoja ambayo van der Lubbe alistahili kusikilizwa kwayo. Na kwenye kesi ya majaji na wanasheria mwaka 1947, kizimbani alikuwepo nani? Schlegelberger. Yule aliyesema mwezi Machi 1933 kwamba kanuni haichezewi. Alibaki wizarani hadi 1942, akafika hadi kukaimu uwaziri, akatia saini mambo ya kutisha. Alipewa kifungo cha maisha, akaachiwa baada ya miaka michache kwa sababu ya afya. Sijui nimwitaje mtu huyu. Alijua kabisa, tena alisema, halafu akakaa.

Aliyejaribu kufungua fundo hilo kwa akili alikuwa Gustav Radbruch, aliyewahi kuwa waziri wa sheria miaka ya 1920 na Wanazi wakamfukuza uprofesa Heidelberg mwaka 1933. Mwaka 1946 aliandika kwamba kwa kawaida sheria iliyotungwa ifuatwe hata kama si nzuri, lakini sheria ikivuka mpaka na kuwa dhuluma isiyovumilika, hiyo haikuwa sheria. Tuiweke kwa Kilatini chetu: hatuifuti ex nunc, tunasema ex tunc haikuwahi kuwepo. Wapo wasomi waliompinga wakasema huko ni kujidanganya, bora ukiri kwamba ilikuwa sheria na kwamba leo unatunga nyingine ya kurudi nyuma, ukiwa umejua gharama yake. Mimi moyo uko kwa Radbruch, ila kichwa kinawaelewa wale wa pili.

Tundu la Leipzig lenyewe lilizibwa. Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948, ibara ya 11(2), lina nusu mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani: usiadhibiwe kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa ulipokitenda. Ya pili inasema wala usipewe adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo wakati ule. Mnaona? Nusu ya pili ndiyo ile ambayo majaji wa Leipzig walisema haimo kwenye Katiba yao.

Na nusu zote mbili tunazo sisi. Fungueni Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(c), zimo moja baada ya nyingine. Ila angalieni ziliingia lini. Sura ya haki iliwekwa na mabadiliko ya mwaka 1984. Mwaka mmoja kabla yake, mwishoni mwa Machi 1983, ulianza msako wa wahujumu uchumi, Mwalimu Nyerere akiwa Rais na Edward Sokoine Waziri Mkuu. Mkiuliza wazee nyumbani watawaambia habari za sukari, sabuni na vitenge vilivyotupwa usiku porini na watu walioogopa kukutwa navyo. Watu walikamatwa kwanza. Sheria yenyewe, Namba 9 ya 1983, ilikuja nyuma yao, na ikahesabiwa tangu msako ulipoanza. Iliunda baraza maalumu la kuwasikiliza, bila wakili, bila dhamana, bila rufaa kwenye mahakama za kawaida. Mwaka 1984 ikaondolewa, ikawekwa nyingine iliyozirudisha kesi hizo Mahakama Kuu.

Sisemi Sokoine na Hitler ni kitu kimoja, atakayesoma hivyo arudie tena aya yote. Uhaba ulikuwa wa kweli, walanguzi walikuwa wa kweli, na wananchi wengi walishangilia. Nadhani hapo ndipo penye ugumu wake: sheria ya kurudi nyuma mara nyingi inakuja ikimlenga mtu ambaye hakuna anayetaka kumtetea. Mlanguzi. Mchomaji. Muporaji wa barabarani. Ungekuwa Berlin Machi 1933, wangapi wangeandamana kwa ajili ya mgeni mmoja asiyeona vizuri aliyekiri kuchoma Bunge?

Basi tumalizie habari yake, maana niliahidi mara mbili.

Baada ya vita ndugu yake, Jan, alianza kufuatilia mahakamani huko Ujerumani Magharibi. Mwaka 1967 mahakama ya Berlin Magharibi ikatoa uamuzi wake: shitaka la uhaini liondoke, uchomaji ubaki, na adhabu ya kifo ibadilishwe kuwa kifungo cha miaka 8. Nilisoma hapo mara mbili. Marehemu wa miaka 33 anapunguziwa adhabu. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Miaka 8 tangu alipokamatwa inaisha Februari 1941. Angetoka na miaka 32, akarudi Leiden, akaikuta nchi yake imeshakaliwa na jeshi la Ujerumani. Hayo ndiyo maisha ambayo mahakama ilimrudishia kwenye karatasi.

Mwaka 1980 mahakama ya Berlin ikaenda mbele zaidi, ikaifuta hukumu yote. Mwendesha mashtaka akakata rufaa na kushinda, na mwaka 1983 mahakama ya juu ya shirikisho ikaufunga mlango kwa sababu za kiutaratibu, yaani mahakama gani ina mamlaka ya kufungua upya kesi ya mahakama ambayo haipo tena. Mwaka 1933 walihitaji siku 30 na kipande cha karatasi. Sasa imekwisha miaka 50 na watu wanabishana kuhusu masijala.

Mwaka 1998 Bunge la Ujerumani likapitisha sheria ya kufuta kwa pamoja hukumu za enzi ya Nazi zilizotolewa kinyume cha misingi ya haki. Haikuhitaji kuchambua upya nani alifanya nini. Ikiwa hukumu imesimama juu ya sheria ya kinazi, imefutika. Wakili mmoja wa Berlin akaomba sheria hiyo itazamwe kwa van der Lubbe. Tarehe 6 Desemba 2007 ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho ikathibitisha kwamba hukumu ya Leipzig imefutwa, ikatangaza tarehe 10 Januari 2008. Miaka 74 kamili, siku kwa siku. Sababu waliyotoa: hukumu ya kifo ilitegemea ile amri ya tarehe 28 Februari na ile sheria ya tarehe 29 Machi.

Lakini someni vizuri kilichofutwa. Hawakusema hakuchoma. Hawakusema alichoma peke yake wala na wenzake. Walisema hukumu haipo. Kwa hiyo leo kisheria van der Lubbe si mwenye hatia, na wala hakuna mahakama iliyosimama ikatamka kwamba hana hatia. Kuna nafasi tupu pale palipokuwa na hukumu, na historia imeachiwa ibishane humo. Mwaka 2023 walifukua kaburi lake kwenye makaburi ya kusini ya Leipzig, wataalamu wakathibitisha mifupa ni yake, wakatafuta pia dalili za zile dawa ambazo watu walisema alilishwa. Hawakuona kitu, ila baada ya miaka karibu 90 kutoona kitu hakuthibitishi lolote.

Haya, nakimbia, desa la mtaala halijaguswa na Jumatatu tunaitwa kuwasilisha. Mwenye kitabu cha Hett aniazime, nitakirudisha. Ex nunc, si ex tunc.